Kumlisha mtoto njiti wodini: kutoka tone la kwanza hadi kunyonya mwenyewe

Mama aliyejifungua kabla ya wakati huambiwa mambo mengi siku ya kwanza, na mengi kati yake huwa ameyasahau kabla jua halijazama, kwa sababu akili yake yote iko kwenye inkubeta ambamo mwanawe amelazwa akiwa na mpira puani na soksi kubwa kuliko miguu yake. Nimefanya kazi ya uuguzi katika wodi ya watoto wachanga kwa miaka mingi, na lau ningeruhusiwa kumwambia jambo moja tu siku hiyo, ningemwambia asisubiri mtoto aweze kunyonya ndipo aanze kuyashughulikia maziwa. Mtoto anaweza kukaa wiki nne, hata sita, bila kushika chuchu, lakini ziwa halimsubiri: lisipokamuliwa siku za mwanzo hupunguza kazi, na kulirejesha baadaye ni shughuli nzito ambayo si kila mama huiweza.

Maelezo haya nimewaandikia wazazi na ndugu wanaoshinda wodini, na huenda yakamfaa pia muuguzi aliyehamishiwa wodi hii jana. Vipimo nitakavyovitaja ni vile vinavyotumika kwa kawaida. Kiasi cha mtoto wako hupangwa na daktari na wauguzi wanaomwona kila siku, nacho hubadilika kulingana na hali yake, kwa hiyo usikipandishe wala kukishusha kwa sababu umesoma hapa.

Kwa nini mpira kwanza

Mtoto njiti ni yule aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za ujauzito, lakini kati ya mtoto wa wiki 36 na yule wa wiki 27 kuna tofauti kubwa mno, hasa kwa upande wa chakula. Wa kwanza mara nyingi huwekwa kwenye ziwa siku hiyo hiyo, ingawa huchoka upesi na kusinzia katikati ya kunyonya. Wa pili anaweza kuvuta ncha ya kidole na anaweza kumeza mate yake, ila hajaweza kupanga zamu za kuvuta, kumeza na kupumua bila moja kuligonga jingine. Uwezo huo huanza kukomaa karibu na wiki ya 32 hadi ya 34, na kwa mtoto aliyeugua sana huchelewa zaidi. Akitiwa maziwa mdomoni kabla ya hapo, yanaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na ndiyo sababu hupitishiwa mpira mwembamba mdomoni au puani ukafika tumboni.

Wiki hizi huhesabiwa tangu ujauzito, wala si tangu siku ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 29 na sasa ana wiki tatu duniani ni mtoto wa wiki 32. Ukishika hesabu hiyo utaelewa kwa nini jirani yako wodini ameanza kunyonyesha ilhali mtoto wake alizaliwa baada ya wako.

Utumbo nao ni mchanga, na hapa ndipo penye fumbo lililotusumbua wauguzi wa zamani. Ukiulemea maziwa mengi kwa pupa unaumia. Ukiuacha mtupu siku nyingi kwa hofu hiyo hiyo, unasinyaa na kusahau kazi yake. Kwa hiyo siku hizi mtoto mdogo sana huanzishiwa maziwa mapema, tangu siku ya kwanza inapowezekana, lakini kwa matone: kiasi cha mililita 10 hadi 24 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku nzima. Kiasi hicho hakimshibishi, kwani lishe yenyewe kwa wakati huo anaipata kwenye dripu. Matone hayo yanauamsha utumbo.

Kukamua

Kazi hii ianze ndani ya saa moja baada ya kujifungua ikiwezekana, na isipite saa ya sita iwapo hali ya mama inaruhusu. Najua ni rahisi kuandika hivyo. Akina mama wengi wa watoto njiti wamejifungua mapema kwa sababu ya presha ya mimba, wengine wametoka chumba cha upasuaji, na wapo walio wodi nyingine na bado hawajamwona mtoto kwa macho. Katika hali hiyo muuguzi, au dada yake au mama yake mzazi, humsaidia kukamua pale pale kitandani kwa ridhaa yake, na kikombe kinapelekwa wodi ya watoto mara moja.

Nawa mikono kwa sabuni hadi juu ya viganja, chini ya kucha na katikati ya vidole, kisha ikaushe kwa kitambaa safi au iache ikauke yenyewe. Kaa ukiwa umeegemea, na kama unaweza kaa karibu na mtoto au mbele ya picha yake kwenye simu, kwa kuwa kumtazama husaidia maziwa kushuka. Likande ziwa taratibu kutoka juu kuelekea kwenye chuchu kwa dakika moja au mbili. Kisha weka kidole gumba juu ya ziwa na kidole cha shahada chini yake, mfano wa herufi C, kwenye ukingo wa duara jeusi linaloizunguka chuchu, yaani sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu yenyewe. Sukuma vidole vyote viwili kwa ndani kuelekea kifuani, kisha vibane pamoja, kisha achia. Sukuma, bana, achia. Usiviteleze vidole juu ya ngozi, maana utajichubua, na usiivute chuchu, maana maziwa hayakai kwenye chuchu. Yakipungua, zungusha vidole upande mwingine wa duara, na baada ya dakika tatu hadi tano hamia ziwa la pili, halafu urudi la kwanza, mpaka zitimie dakika ishirini au thelathini. Ikiuma, kuna kitu unakifanya sivyo. Mwite muuguzi akuoneshe kwa vidole vyako mwenyewe.

Siku ya kwanza na ya pili usitegemee kuona kikombe kikijaa. Nakumbuka mama mmoja aliyekamua kwa dakika ishirini akapata kama matone saba, ya rangi ya kiini cha yai, yaliyotanda chini ya kijiko. Alitaka kuyamwaga kwenye sinki kabla sijamwona, akisema ni aibu kuleta kitu kama kile mbele ya watu. Nilichukua bomba la sindano la mililita moja nikayavuta yote, na yalifika alama ya 0.4. Mwanawe alikuwa na gramu 980. Nilimdondoshea tone moja au mawili ndani ya shavu la kulia na vivyo hivyo la kushoto, naye akalamba, ulimi ukitoka na kurudi kama wa kinda. Yaliyobaki yakapita kwenye mpira. Mama yule aliniuliza kama ndiyo basi, nami nikamjibu kwamba kwa saa ile ndiyo basi, na kwamba tungeonana tena baada ya saa mbili.

Maziwa hayo ya njano, ambayo Kiswahili kina jina lake, dang'a, yana wingi wa kinga kuliko maziwa yatakayofuata, na kwa mtoto ambaye ngozi na utumbo wake havijaweza kuzuia vijidudu ni dawa kabla hayajawa chakula. Kuna nyumba ambako bado humwagwa kwa madai kuwa ni machafu. Yasimwagwe hata tone.

Baada ya hapo kinachojenga wingi wa maziwa ni idadi ya mara unazokamua, kuliko muda unaotumia kila mara. Kamua mara nane hadi kumi na mbili kwa saa 24, na angalau mara moja iwe kati ya usiku wa manane na alfajiri, kwa kuwa homoni inayotengeneza maziwa hupanda usiku. Uji wa pilipili manga, mtori, supu ya kuku, vyote vinywe na viliwe, kwa sababu mama anahitaji nguvu na maji na mkono wa aliyempikia. Lakini sijaona mtori uliomjazia maziwa mama aliyekamua mara tatu kwa siku. Lenga kwamba hadi mwisho wa wiki ya pili uwe unapata nusu lita au zaidi kwa siku, hata kama mtoto kwa wakati huo anatumia mililita 100 tu. Mtoto atakua, na siku atakapohitaji nusu lita yawepo.

Chombo kiwe na mdomo mpana na mfuniko, kioshwe kwa sabuni na maji moto na kuchemshwa, na kiandikwe jina la mama, tarehe na saa. Maziwa yanayokaa nje ya friji yatumike ndani ya saa nne, na katika joto la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari mimi huhesabu pungufu ya hapo. Kwenye friji la wodi, ambalo halifunguliwi ovyo, kwa mtoto aliyelazwa tunapendelea yatumike ndani ya siku mbili. Yakitoka huko yapashwe moto kwa kukiweka kikombe ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Yasichemshwe, na yakishapashwa yasirudishwe.

Mama anayeishi na VVU na anayemeza dawa zake za kufubaza virusi bila kuruka hukamua na kunyonyesha kama wengine, huku mtoto akipewa dawa ya kinga. Jambo la kufanya ni kumweleza muuguzi mapema na kwa faragha ili dozi ya mtoto isichelewe.

Kiasi na hesabu yake

Mzazi anayeelewa hesabu hii huwa mlinzi mzuri wa mtoto wake, kwa hiyo nitaifanya mbele yako. Chukua mtoto wa gramu 1,200. Siku ya kwanza anapewa mililita 2 kila baada ya saa tatu, yaani mara nane, jumla mililita 16, na dripu inafidia maji na sukari anayohitaji. Akivumilia, kiasi hupandishwa kila siku. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2022 kuhusu watoto njiti na wenye uzito pungufu, linaruhusu kupandisha hadi mililita 30 kwa kila kilo kwa siku. Kwa mtoto wetu hiyo ni nyongeza isiyozidi mililita 36 kwa siku nzima, na kila maziwa yanapopanda dripu inashuka kwa kadiri hiyo hiyo. Tunapofika mililita 160 kwa kila kilo, mtoto huyu atakuwa anapata 192 kwa siku: ukigawa kwa mara nane ni mililita 24 kila saa tatu, na ukigawa kwa mara kumi na mbili ni 16 kila saa mbili. Wadogo zaidi hupewa kila saa mbili, kwa sababu tumbo lao linapokea kidogo na sukari ya damu yao hushuka haraka. Uzito unaotumika kwenye hesabu ni ule wa kuzaliwa mpaka atakapouvuka, kisha ni ule wa mzani wa karibuni.

Usishtuke uzito ukipungua wiki ya kwanza. Karibu wote hupungua, mara nyingi hadi asilimia kumi na kwa wadogo sana zaidi kidogo, na huurudia uzito wa kuzaliwa karibu na siku ya kumi hadi ya kumi na nne. Kuanzia hapo tunatafuta ongezeko la gramu 15 au zaidi kwa kila kilo kwa siku. Kwa mtoto wa gramu 1,200 hizo ni gramu 18, uzito usiofika vijiko vinne vya chai vya maji, na ndiyo maana apimwe bila nguo, kwenye mzani ule ule, saa ile ile. Nimewahi kuona furaha ya gramu 40 ikiyeyuka baada ya kugundua kuwa jana alipimwa bila nepi na leo alikuwa nayo.

Mtoto asipoongezeka ingawa kiasi kimefika, jambo la kwanza kutazamwa ni kama kweli kinaingia mwilini au kinaishia kwenye khanga, na kama anapata baridi. La pili ni maziwa yenyewe: yanayotoka mwanzoni mwa kukamua ni mepesi, na yanayotoka mwishoni yana mafuta mengi, kwa hiyo mama mwenye maziwa ya kutosha anaweza kuelekezwa kuyatenga ya mwanzo kwenye kikombe chake na kumpa mtoto yale ya mwisho. Kuna pia unga maalumu wa kuongeza virutubisho kwenye maziwa ya mama, ambao daktari anaweza kuuagiza kwa mtoto aliyezaliwa chini ya gramu 1,500. Wodi nyingi za kwetu hazina, na watoto wengi wamekua bila huo.

Mama asipokuwa na maziwa, au asipokuwepo, kinachofuata kwa ubora ni maziwa ya mama mwingine yaliyopimwa na kupashwa moto kitaalamu. Huko Nairobi, Hospitali ya Uzazi ya Pumwani ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ya kwanza nchini Kenya, ambako mama mwenye ziada aliyepimwa afya yake huchangia, na maziwa hupashwa hadi nyuzi 62.5 kwa nusu saa kabla ya kumfikia mtoto. Pasipo na benki, daktari huamua kuhusu maziwa ya kopo, hasa yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya njiti, akijua kwamba yanaongeza hatari ya ugonjwa wa utumbo nitakaoueleza baadaye. Shangazi anayejitolea kumnyonyesha mtoto anastahili shukrani, lakini asianze kabla ya kupimwa na kabla ya kuzungumza na wahudumu.

Kulisha kwa mpira

Mpira huwekwa na muuguzi, naye hupima urefu wake kabla ya kuuingiza: kutoka ncha ya pua hadi ncha ya sikio, kisha hadi katikati ya chembe ya moyo na kitovu, kwa mpira wa mdomoni huanzia pembeni ya mdomo. Alama inayobaki nje inaandikwa. Kabla ya kila mlo alama hiyo inaangaliwa kama haijasogea, na kimiminika kidogo kinavutwa na kupimwa kwa karatasi ya asidi kuhakikisha ncha iko tumboni. Mama unaweza kufundishwa kumlisha mwanao kwa mpira, na mimi napenda sana mama afundishwe, lakini hatua hii ya kuhakiki usiiruke hata kama mtoto analia. Mpira ukionekana umetoka, hata nusu, usiurudishe kwa mkono wako.

Maziwa huenda kwa uzito wake yenyewe. Toa kijiti cha kusukumia kwenye bomba la sindano, unganisha bomba tupu kwenye mpira uliobanwa, mimina kiasi kilichopangwa, kisha achia na ulishike bomba sentimita 10 hadi 20 hivi juu ya mtoto. Yakishuka haraka, teremsha mkono. Yakigoma, pandisha kidogo au mgeuze mtoto taratibu. Mlo mmoja uchukue dakika kumi hadi kumi na tano.

Katika hospitali niliyoanzia kazi, mwaka wangu wa kwanza, nilikuwa zamu ya usiku na watoto wengi kuliko mikono yangu, na nilipoona maziwa yanashuka kwa uvivu nilirudisha kile kijiti nikasukuma. Mililita 20 ziliingia kwa sekunde chache. Mtoto alikunja uso, akacheua maziwa puani na mdomoni, midomo ikawa ya buluu, na kifua kikatulia. Tulimlaza ubavu, tukamsafisha njia ya hewa, tukamsugua mgongo, akavuta pumzi. Aliishi, na aliruhusiwa wiki tano baadaye. Tangu siku ile kijiti cha kusukumia hukiweka mfukoni kabla sijamimina chochote.

Wakati maziwa yanapita kwenye mpira, mtoto alambe au anyonye chuchu ya ziwa lililokwisha kukamuliwa, kama amefikia hali hiyo. Hapati maziwa ya kumpalia, lakini anajifunza kwamba kunyonya na kushiba ni vitu vinavyoendana.

Baada ya mlo alazwe kifuani kwako. Huduma hii ya ngozi kwa ngozi, tunayoiita kangaruu, ilianzia Bogotá nchini Kolombia mwaka 1978 kwa daktari Edgar Rey Sanabria, aliyekuwa na watoto wengi kuliko inkubeta, na kwa miaka mingi ilichukuliwa kuwa ni ya kungojea mtoto atulie kwanza. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili ilishiriki, ulitoa matokeo mwaka 2021 kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 walioanzishiwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa walikufa wachache zaidi, asilimia 12 ikilinganishwa na asilimia 15.7 ya waliosubiri. Kwa chakula faida yake ni ya wazi: mtoto mwenye joto la nyuzi 36.5 hadi 37.5 hutumia maziwa kukua badala ya kuyachoma ajipashe moto, na mama mwenye mtoto kifuani hukamua zaidi. Baba naye ana kifua.

Kikombe, kisha ziwa

Mtoto anayejilambalamba, anayepeleka mkono mdomoni, anayenyonya mpira wake na kuweza kukaa macho dakika chache anaomba kujaribiwa. Kwa kawaida huwa amefika wiki ya 32 au zaidi na hahitaji msaada mkubwa wa kupumua. Chupa ya chuchu ya plastiki siipendekezi: ni ngumu kuisafisha, maziwa humiminika hata asipovuta, na akiizoea huligomea ziwa. Kikombe kidogo kama cha kahawa kinatosha.

Mfunge mkono na mwili kwa khanga, mkalishe mapajani akiwa wima au akiegemea kidogo, kichwa kikishikwa vizuri. Kikombe kiwe nusu, kiguse kwa wepesi mdomo wa chini, na kiinamishwe mpaka maziwa yafike ukingoni yaguse midomo yake tu. Subiri. Atatoa ulimi na kulamba kama paka. Usimmiminie, hata kidogo, hata kama umechoka na ni saa tisa usiku. Kazi yako ni kushika kikombe, kazi ya kunywa ni yake. Akipumzika, kiache kikombe pale pale. Akifumba midomo na kugeuza uso, ameshiba au amechoka, na kilichobaki kinaweza kumalizikia kwenye mpira. Pima kilichoingia, kadiria kilichomwagikia kwenye khanga, na uangalie jumla ya saa 24 badala ya kusononekea mlo mmoja.

Ziwa linaweza kuanza wakati huo huo, mara moja au mbili kwa siku, pale anapokuwa macho. Maziwa yako yakiwa mengi na ya kasi, kamua kidogo kwanza asije akapaliwa. Mshike kwa mkono wa upande wa pili wa ziwa analonyonya, au mpitishe chini ya kwapa lako, kiganja kikishika shingo na mabega bila kukisukuma kichwa kwa nyuma. Kinywa kiwe wazi sana, kidevu kiguse ziwa, na duara jeusi lionekane zaidi juu ya kinywa kuliko chini. Atavuta mara tatu au nne na kupumzika muda mrefu, usidhani amemaliza. Kadiri unavyosikia mmezo baada ya mvuto, ndivyo kikombe cha nyongeza kinavyopunguzwa, siku kwa siku, kwa kufuata mzani.

Dalili za kusimamisha maziwa na kumwita muuguzi

Matapishi ya kijani, tumbo lililovimba na kung'aa au linalouma likiguswa, damu kwenye choo, mtoto aliyelegea ghafla, anayesahau kupumua au anayebadilika rangi: usimpe mlo unaofuata, mwite muuguzi hapo hapo. Dalili hizi zinaweza kuwa za ugonjwa wa utumbo wa watoto njiti, ambapo ukuta wa utumbo huvimba, huingiwa na vijidudu na kuweza kuoza kwa muda wa saa chache. Kucheua maziwa meupe kidogo baada ya mlo ni jambo jingine, nalo halitishi. Kuhusu mabaki ya maziwa tumboni, zamani tulikuwa tukiyavuta na kuyapima kabla ya kila mlo na kumnyima mtoto kwa mililita mbili tu. Siku hizi wodi nyingi huyaangalia pale panapokuwa na dalili nyingine.

Hapa nimkumbuke bibi mmoja aliyeingia saa ya kuona wagonjwa na kichupa amekikunja kwenye pindo la khanga.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia. "Tumebeba nini?"

"Marahaba, mwanangu. Maji ya sukari tu. Huyu mtoto tangu jana hajala, nimemwona mwenyewe, wanamwekea vitone."

Alikuwa na huruma, na alikuwa na watoto saba aliowalea kwa mikono yake. Nilimketisha karibu na inkubeta nikamwonesha bomba la sindano na alama zake, nikamweleza kwamba vile vitone ndivyo vipimo vya tumbo lile, na kwamba maji ya sukari, maji ya mchele, asali, dawa ya chango na maziwa ya ng'ombe huingiza vijidudu mahali ambapo hapana ulinzi na kuchukua nafasi ya maziwa. Kichupa kilibaki kwangu. Kuanzia siku iliyofuata yeye ndiye aliyekuwa akimwamsha binti yake saa nane za usiku akakamue.

Kuelekea nyumbani

Mtoto huruhusiwa akiwa anapata maziwa yake yote kwa kunyonya au kwa kikombe, joto lake linasimama bila mashine, na uzito umepanda kwa siku kadhaa mfululizo. Nyumbani usingoje alie ndipo umnyonyeshe, kwa sababu njiti mwenye njaa mara nyingi hulala tu. Mwamshe kila saa mbili hadi tatu, usiku na mchana, na uendelee na kangaruu mpaka mwenyewe ahangaike kutoka. Ataandikiwa matone ya madini ya chuma na ya vitamini D, kwa kuwa akiba anayopaswa kuzaliwa nayo hujengwa zaidi katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito, ile ambayo hakuimaliza. Matone ya chuma hukifanya choo kuwa cheusi, nami hulisema hili mapema kwa sababu kila mwezi kuna mama anayerudi mbio na nepi mkononi. Kliniki ya kwanza iwe ndani ya wiki moja. Njoo na kadi, na kichupa cha matone tuone kimepungua kiasi gani, na usimnyonyeshe mlangoni kabla ya kumweka kwenye mzani.